Naomba ushauri: draiva ya I2C inayoendeshwa na programu

Wakuu, habari za kazi. Naandika draiva ya keneli ya Linux kwa basi la I2C (njia ya nyaya mbili ya kuunganisha chipu) lisilo na kidhibiti chake. SDA (laini ya data) na SCL (laini ya saa) ni biti mbili tu ndani ya rejista ya FPGA (chipu ambayo saketi zake hupangwa na mtumiaji), na prosesa ndiyo inayozipandisha na kuzishusha.

Naweza kujaza i2c_algo_bit_data (muundo wa keneli unaobeba vitendaji vya kuendesha laini hizo) kisha niite i2c_bit_add_bus ili kusajili basi. Udelay (nusu ya mzunguko wa saa) ikiwa mikrosekunde 5 napata takriban kHz 100. Au niandike gpio_chip ndogo (draiva ya pini tu), kazi iliyobaki ifanywe na i2c-gpio, draiva iliyomo tayari kwenye keneli. Naegemea hii ya pili, maana msimbo wa kutunza unakuwa mchache.

Kinachoninyima usingizi ni kihisi kinachoishikilia SCL chini hadi kiwe tayari. Draiva isipoisoma SCL itaendelea kupiga saa na data itaharibika. Tena pini hizi husukuma laini juu, haziiachii ipandishwe na rezista, kwa hiyo zinapigana na kihisi. Rejista ina biti ya mwelekeo. Je, niiachie gpiolib (maktaba ya keneli ya kusimamia pini) igeuze pini kuwa ya kuingiza kila laini inapotakiwa juu, au nifanye mwenyewe ndani ya setscl, kitendaji cha kupandisha na kushusha SCL? Aliyewahi kupita hapa anisaidie tafadhali.