Mbunge wetu ni wa upinzani na ana mengi ya kupeleka Dodoma, aanze na lipi?

Wakuu, habari zenu.

Namsaidia mbunge wa upinzani wa jimbo moja la huku kusini. Mimi ndiye napanga barua za wananchi na kumwandalia hoja. Bunge la bajeti limekaribia na anataka kubeba mambo matatu: Katiba Mpya, mgawo wa ushuru wa korosho ghafi urudi kwenye zao, na fidia ya ardhi.

Moyo wangu uko kwenye fidia. Juzi mama mmoja alikuja ofisini na fomu ya uthamini ndani ya mfuko wa nailoni, imeanza kukatika kwenye mikunjo. Nyumba yake ilipigwa X nyekundu, akaambiwa asiendeleze chochote. Huu mwaka wa nne. Bati linavuja na anaogopa kuliezua, asije akaambiwa amekaidi.

Wabunge wetu ni wachache, kura hatuna. Apeleke muswada binafsi, yaani sheria anayoipendekeza mwenyewe, au ashike shilingi, yaani azuie shilingi ya mshahara wa waziri kwenye bajeti hadi apewe maelezo?

Mkongwe wa Dodoma:
Muswada binafsi unaruhusiwa, ila someni kwanza Ibara ya 99 ya Katiba. Jambo la kodi au la kutoa fedha Mfuko Mkuu wa Hazina sharti lipendekezwe na Rais na kuwasilishwa na Waziri. Kwa hiyo korosho kwa njia ya muswada binafsi imeshakwama. Mwaka 2018 ile asilimia 65 ya ushuru huo iliyokuwa ikirudi kwenye zao iliondolewa na Sheria ya Fedha. Wabunge wa Lindi na Mtwara walipinga, wa CCM na wa upinzani, na bado ikapita. Hilo aliseme kwenye bajeti ya Kilimo.

Wakili wa Kijijini:
Ndugu yangu, kwenye fidia sheria mnayo tayari. Sheria ya Uthamini ya 2016 inaupa uthamini wa fidia miaka miwili. Muda huo ukipita bila malipo, uthamini unafanywa upya. Na kanuni za fidia za 2001 zinataja riba kwa ucheleweshaji. Huyo mama hadai huruma, anadai haki iliyoandikwa! Pelekeni swali la msingi lenye jina la kijiji, idadi ya kaya na tarehe ya uthamini. Waziri akijibu "mchakato unaendelea", swali la nyongeza liulize riba. Jibu lake likiingia Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, shikeni shilingi kwenye bajeti ya Ardhi.

Dada Mwenge:
Msiitupe Katiba Mpya kwa sababu tu mtashindwa kura. Mwaka 2007 Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani, alidai uchunguzi wa mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, hoja ikazimwa na yeye akasimamishwa ubunge hadi Januari 2008. Baadaye Rais Kikwete akaunda Kamati ya Bomani ya kupitia sekta ya madini, Zitto akiwemo, na 2010 ikaja Sheria mpya ya Madini. Wachache wakisema kitu chenye ushahidi, kinabaki.

Mleta uzi:
Asanteni sana. Wakili, nimempigia yule mama sasa hivi. Kaazima miwani kwa jirani, akanisomea tarehe: miaka mitatu na miezi saba. Kumbe uthamini umeshapitwa na hakuna aliyemwambia. Katiba tutaiweka kwenye mchango wake wa ofisi ya Waziri Mkuu, fidia ndiyo inatangulia. Anasema kaya kumi na moja pale kwao zina fomu za siku hiyohiyo. Kesho alfajiri napanda bodaboda nikazipige picha zote.