Ziara ya kuaga ya Eagles: "Hotel California" ufungue au ufunge?

Santuri wa Kongowea

Wapenzi wa roki, salamu kutoka Kongowea, Mombasa. Nina swali ambalo limetugawa mimi na wenzangu wanne tunaokutana kila Jumapili jioni kusikiliza santuri za zamani, na kwa kuwa kati yetu hakuna aliyekubali kushindwa, nimeona nililete kwenu. Tangu Septemba 2023 bendi ya Eagles ya Marekani imekuwa katika ziara ya kuaga ambayo wenyewe wameiita kwaheri ndefu. Jina hilo limewafaa kweli, maana wanaaga kama mgeni wa Mji wa Kale aliyekwisha kuvaa viatu na kusimama mlangoni, kisha kahawa ikapitishwa tena naye akaketi. Sisi hatuna tiketi wala hatutarajii kuzipata. Tunachokipata ni video zilizorekodiwa kwa simu na watu waliohudhuria, nazo zinatutosha kugombana.

Ugomvi wenyewe ni huu. Ziara ilipoanza New York, katika ukumbi wa Madison Square Garden, walifungua kwa "Seven Bridges Road", wimbo unaosimama karibu wote juu ya sauti zao zilizopangwa pamoja, gitaa likisikika kwa mbali tu. Ulikuwa mwanzo wa heshima, kama kubisha hodi. Lakini walipohamia ukumbi wa Sphere huko Las Vegas, Septemba 2024, wakaanza kufungua kwa "Hotel California". Mimi naona hilo ni kumpakulia mgeni biriani kabla hajanawa mikono. Najua kuna watakaonikumbusha kwamba hata katika maonyesho yaliyoanza mwaka 2019 wimbo huo ulikuwa wa kwanza, lakini wakati ule walikuwa wakipiga albamu nzima ya mwaka 1976, yenye jina hilo hilo la wimbo, kwa mpangilio wake, na katika albamu hiyo ndio wimbo wa kwanza. Hawakuwa na hiari. Safari hii hiari wanayo.

Jambo la pili, ambalo ni dogo lakini linaniwasha: kwa nini bendi yenye nyimbo nyingi kiasi hicho itoe nafasi kwa kazi za binafsi za wanachama wake? Joe Walsh anaimba "Life's Been Good" na "Rocky Mountain Way", Don Henley anaimba "The Boys of Summer", huku "After the Thrill Is Gone" ikiachwa nyumbani kama mtoto asiye na nguo za Idi.

Lau mngepewa ninyi kalamu, mngetoa nini, mngeingiza nini, na "Hotel California" mngeuweka wapi?

Gitaa la Bamburi

Kaka wa Kongowea, wewe umeuliza kama mpenzi wa muziki, nami nitakujibu kama kibarua wa muziki. Nimepiga gitaa katika hoteli za ufuo wa kaskazini kwa zaidi ya miaka ishirini, na ikiwa kuna wimbo ambao vidole vyangu vinaujua hata nikiwa nimesinzia, ni huo. Kwetu sisi unakwenda sambamba na "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms uliotoka mwaka 1982: mgeni hajamaliza glasi yake ya kwanza, ameshauomba. Kwa miaka mingi tuliuweka mwisho tukidhani kwamba tunawazuia wageni wasiende kulala, mpaka tulipogundua kuwa tunajizuia wenyewe. Ukijua kwamba kazi ngumu kuliko zote inakusubiri saa tano za usiku, nyimbo zote zinazotangulia unazipiga kwa kuuchunga mkono, kama dereva mwenye mafuta kidogo ambaye Mariakani bado hajaiona.

Tena tazama umri wao. Henley, Walsh na Timothy B. Schmit, wote watatu walizaliwa mwaka 1947. Henley ndiye mwenye kuuimba, na kwa desturi yake huuimba akiwa ameketi kwenye dramu, mikono na miguu ikifanya kazi moja na koo likifanya nyingine, jambo linalomtoa jasho hata kijana. Sauti ya mzee ina saa zake. Huwezi kuidai mwisho wa onyesho la saa mbili kana kwamba umeiweka akiba benki.

Gitaa nalo lina hesabu yake. Kile kipande cha mwisho, ambacho Don Felder na Walsh walikipiga kwa kupokezana, mmoja akisema na mwenziwe akijibu, mpaka magitaa mawili yakaungana na kushuka pamoja, kinachukua takriban dakika mbili na hakina mahali pa kujificha. Kila aliyeketi ukumbini anakijua noti kwa noti, na wengine wanakiimba kwa mdomo. Mtu akiteleza hapo, watu hawatakumbuka kitu kingine chochote cha usiku ule. Felder, ambaye ndiye aliyeutunga muziki wenyewe katika nyumba ya kupanga ufuoni Malibu, aliondolewa katika bendi mwaka 2001, kwa hiyo yeyote anayekipiga kipande chake leo amevaa koti la mwenzake na anajua kwamba anatazamwa mabegani. Kazi kama hiyo mimi ningeifanya mapema, nikiwa bado nina vidole.

Jambo jingine ambalo hukulitaja ni ukumbi wenyewe. Kule Sphere ukuta wote kuanzia mbele mpaka juu ya vichwa vya watu ni skrini, na aliyeingia mle amekuja kutazama zaidi ya kusikiliza. Mtu wa namna hiyo humpigii bashrafu, ule muziki wa kufungulia taarabu, kwanza ili atulie.

(Kwa wanaojifunza: bendi yetu hailipigi toleo la 1976 bali lile la 1994, walipoungana tena baada ya kutengana kwa miaka kumi na minne, ambalo linaanza kwa gitaa la nyuzi za nailoni na ngoma za mkono. Tulilichagua kwa sababu halihitaji vifaa vingi vya umeme, na kila aliyewahi kupiga muziki kando ya bwawa la kuogelea anajua kwa nini hilo ni muhimu. Ukitaka kulipiga toleo la zamani peke yako, weka kapo, kile kibano cha shingo ya gitaa, kwenye freti ya saba, mkono ushike kana kwamba unaanza na E ndogo.)

Binti Mkomani

Mnabishana kuhusu wimbo ambao hauna hatari yoyote ya kuachwa. Mimi moyo wangu uko kwa "Take It to the Limit". Randy Meisner, mpiga besi wao wa awali aliyeuimba mwaka 1975, alifariki tarehe 26 Julai 2023, siku ishirini tu baada ya bendi kuitangaza ziara hii. Wanaoijua historia wanakumbuka kwamba ni wimbo huo huo uliomtoa: mwaka 1977 huko Knoxville, akiwa mgonjwa na akiiogopa ile sauti ya juu ya mwisho ambayo mashabiki walikuwa wakiisubiri kila usiku, alikataa kurudi jukwaani kuuimba, wakagombana na Glenn Frey, mmoja wa waanzilishi wa bendi, nyuma ya pazia, na haukupita muda akajiuzulu. Schmit ndiye aliyeichukua nafasi yake, na ajabu ni kwamba huko nyuma alikuwa ameshaichukua nafasi ya Meisner huyo huyo katika bendi ya Poco.

Sasa wimbo huo anauimba Vince Gill, naye ni mwimbaji mwenye sauti ambayo simtafutii kosa. Hata hivyo ningempa ushauri mmoja. Katika arusi zetu, wimbo wa mwimbaji aliyetangulia mbele ya haki huimbwa, lakini mwenye kuuimba hajaribu kumwiga marehemu pale alipokuwa bingwa. Pale huwaachia kina mama waliokaa. Basi na Gill aufikishe wimbo kwenye kile kibwagizo cha mwisho kisha anyamaze, na ile sauti ya juu iwe ya ukumbi. Watu elfu kadhaa hawawezi kuogopa noti moja.

Mzee wa Kilindini

Wanangu, mimi nilifanya kazi bandarini na kaseti zangu nyingi za roki nilizipata kwa mabaharia, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiwaleta Wakanada katika mazungumzo haya. Rush walipofanya ziara yao ya mwaka 2015, iliyokuja kuwa ya mwisho kwa mpiga dramu wao Neil Peart, walizipanga nyimbo kinyumenyume: walianza na za karibuni wakarudi mwaka baada ya mwaka, na kadiri walivyorudi nyuma wafanyakazi walikuwa wakiondoa vitu jukwaani, mpaka wakabaki na spika chache zilizowekwa juu ya viti, kama bendi ya wanafunzi inayopiga katika ukumbi wa shule. Walimalizia na "Working Man", wimbo wa albamu yao ya kwanza ya mwaka 1974. Peart alifariki Januari 2020. Mpangilio ule ulikuwa na maana hata kwa mtu asiyejua jina la wimbo hata mmoja.

Eagles wangefanya hivyo, swali la Santuri lingejijibu lenyewe. "Hotel California" ungekaa katikati, mahali pake katika umri wa bendi, na wa mwisho ungekuwa "Take It Easy", singo yao ya kwanza ya mwaka 1972, ambayo Frey aliitunga pamoja na Jackson Browne. Frey alifariki Januari 2016, na wimbo huo umewahi kuimbwa jukwaani na mwanawe, Deacon. Kuna kuaga gani kulikokamilika kuliko baba kuanza na mwana kumaliza?

Na Joe Walsh msimguse. Alipojiunga na bendi mwishoni mwa 1975 alikuja na nyimbo zake mkobani kama fundi anayekuja na nyundo yake, na bila nyundo hiyo albamu ya 1976 isingekuwa na makali yale.

Santuri wa Kongowea

Mzee wangu, shikamoo. Nimekubali kuhusu mpangilio wa kinyumenyume, na wenzangu wawili kati ya wanne wamekubali pia, jambo ambalo halijapata kutokea Jumapili yoyote. Kuhusu Walsh sijakubali, lakini nitanyamaza kwa heshima yako.

Gitaa la Bamburi, hoja yako ya vidole ninaipokea, ila naona umeisema nusu. Ikiwa wazee hawa hawawezi tena kuubeba wimbo huo mwisho wa usiku, upo pia uwezekano wa kuuteremsha sauti na kuupunguza mwendo, wakauimba wakiwa wameketi kama walivyofanya 1994. Mashabiki waliozeeka pamoja nao hawangelalamika. Wanaolalamika ni wale wanaotaka mtu wa miaka sabini na kadhaa asikike kama santuri.

Ng'ambo ya Kivuko

Mmezungumza vizuri, lakini hakuna aliyeutaja wimbo ambao mimi, mkazi wa Likoni, naona ndio ulipaswa kufunga ziara nzima: "The Last Resort", ule unaoifunga albamu ya mwaka 1976. Katika video zote za ziara hii nilizozitazama sijauona hata mara moja.

Kwa asiyeufahamu, unaanza na mwanamke anayetoka Providence, pwani ya mashariki ya Marekani, akielekea magharibi kutafuta maisha mapya. Kutoka hapo wimbo unapanuka ukawa habari ya watu wengi wanaoitafuta pepo, na kila wanapoifikia wanaijengea nyumba mbaya, wanaipa jina na kuiuza, kisha wanatafuta nyingine mbele. Bara linapowaishia wanavuka maji hadi Hawaii, na mji wa Lahaina unatajwa. Mji huo uliteketea kwa moto tarehe 8 Agosti 2023, mwezi mmoja kabla ya ziara kuanza. Nilipousikia tena wimbo wiki ile, kwenye redio ya dereva wa matatu tukisubiri feri, nilishindwa kushuka kituo changu.

Hapa petu wimbo huo hauhitaji kufasiriwa. Nilipokuwa mtoto kulikuwa na vichochoro vitatu vya kushukia ufuoni kutoka mtaani kwetu. Leo kimebaki kimoja, nacho kina lango, bawabu, na daftari la kuandika jina. Wavuvi wanapita humo na nyavu begani wakiulizwa wanakwenda wapi. Ndiyo maana mimi nasikia ajabu watu wa pwani wanapoujua kwa moyo wimbo wa kwanza wa albamu ile, ambao ni wa hoteli, na wasiujue wa mwisho, ambao unasema hoteli ilipatikanaje. Wakiuweka mmoja mwanzo wa usiku na mwingine mwisho, basi hata mimi nitakubali "Hotel California" ufungue, kwa sababu utakuwa umefungua kitu.

Gitaa la Bamburi

Ndugu wa Likoni, umenigusa mahali, na nina ushahidi wa kukupinga na wa kukuunga mkono kwa pamoja. Wimbo huo una zaidi ya dakika saba, mwendo wake ni wa polepole, na nusu yake ya kwanza ni piano na mtu mmoja anayesimulia. Katika onyesho la nyimbo takriban ishirini, baada ya watu kusimama na kurukaruka, kuwarudisha vitini kwa dakika saba ni kujitafutia balaa.

Nasema hivyo kwa sababu nimejaribu. Miaka michache iliyopita tuliupiga mwisho wa zamu yetu kwenye hoteli moja, kwa kinanda na gitaa moja. Ulipofika katikati meneja alikuja pembeni ya jukwaa akaniuliza kwa upole kama bendi imechoka. Meza zilikuwa zimeanza kubaki tupu. Tulipomaliza, mzee mmoja wa Kijerumani aliyekuwa ameketi peke yake kando ya bwawa akaomba turudie, nasi tukarudia wote, dakika saba nyingine, huku wahudumu wakikusanya vitambaa vya meza.

Jumamosi hii tuna zamu tena. Nitaujaribu mwanzoni, saa moja na nusu, kabla meneja hajatoka ofisini.