Mafundi, springi ya nyuma ya Mercedes W123 haisokomezwi kwa mtaimbo!

Wakuu, uzi huu nimeufungua kwa hasira na siombi radhi. Picha ni zilezile kila siku: W123 imelala nyuma upande mmoja, tairi zimeliwa kwa ndani, na mwenye gari anauliza kwa nini springi mpya "zimekufa" kabla ya miezi miwili. Springi haina kosa. Aulizwe aliyeifunga.

Mercedes-Benz walitengeneza gari hili kuanzia 1976 hadi 1986, na nyuma halina ekseli ngumu wala springi bapa kama pikapu. Kila gurudumu lina amu yake, yaani mkono wa chuma unaolibeba na kupanda na kushuka nalo. Springi imekaa kati ya amu na bodi: chini inaingia kwenye kikombe cha amu, juu inavaa raba nene ndipo inaegemea bodi. Kazi yote imebebwa na ncha ya springi na ile raba, na hivyo viwili ndivyo vinavyorukwa.

Kikombe cha amu si duara tupu. Kina kituo ambapo ncha ya waya wa springi inatakiwa kukaa. Fundi wetu anaisokomeza springi kwa mtaimbo, ikishaingia tu anapandisha jeki, ncha imeangukia popote. Siku hiyo gari linasimama juu, mteja anacheka, analipa. Akianza kupita matuta springi inajizungusha kutafuta pa kukaa, unasikia "kong!", na upande ule unashuka. Hapo bado una bahati. Ncha iliyokaa vibaya inakwangua rangi ya springi, tope na maji vinaingia, kutu inaanza, na baada ya muda springi inakatika kwenye mzunguko wa chini kabisa, pale usipoona mpaka ulale chini ya gari na tochi. Na vile vitundu vya kutolea maji kwenye kikombe, nani anavizibua? Springi mpya inakalishwa juu ya tope lililoganda tangu enzi za wabenzi wenyewe!

Haya, raba. Raba halisi ina vinundu pembeni, kimoja hadi vinne, na kadiri vinavyozidi ndivyo raba inavyokuwa nene, kama milimita 5 kwa kila kinundu. Ni vya kuhesabu, wakuu, si urembo. Kwa kuwa springi iko karibu na egemeo la amu kuliko lilivyo gurudumu, milimita 5 kwenye raba zinaonekana zaidi ya milimita 5 kwenye tao la gurudumu. Sasa mtu anatupa raba za zamani bila kuhesabu, anafunga yenye vinundu vitatu kushoto na yenye kimoja kulia kwa sababu "ndizo zilizokuwepo dukani", halafu gari likiinama analaumu springi. Wengine wanakata kipande cha tairi bovu wanakiita raba. Kinasagika, kinateleza, chuma kinagusa chuma.

Raba inavishwa kwenye springi kabla haijaingia garini. Unaizungusha mpaka ncha ya juu ya waya igonge ukingo wa ndani wa raba, unaizungushia utepe isihame, ndipo unaingiza.

Tuje kwenye yanayoweza kuua mtu. Ukiinua nyuma ya W123, breki ya mkono haishiki kitu na gia haishiki kitu, kwa sababu zote mbili zinazuia magurudumu ya nyuma na hayo yako hewani. Kabari mbele na nyuma ya kila tairi la mbele, ndipo jeki iguse gari. Stendi zikae chini ya bodi karibu na pa kuwekea jeki pembeni. Usiziweke chini ya amu, maana amu lazima ishuke.

Halafu shokapu. Kwenye gari hili shokapu ndiyo inayozuia amu isishuke kupita kiasi. Kuna watu wanalegeza boliti za chini za shokapu huku amu inaning'inia tu. Amu inaruka chini na springi bado ina nguvu ndani yake. Jeki ya pili iwe chini ya amu, imeibeba hasa, ndipo unalegeza shokapu na kiungo cha staibilaiza (fimbo inayozuia gari lisilale upande kwenye kona). Ukishusha, shusha kidogo kidogo huku unaangalia mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta ya breki. Ukianza kunyooka, simama. Mpira uliovutwa unapasuka kwa ndani na kwa nje hauonyeshi kitu.

Kukata springi kwa grenda ili gari "likae chini"? Chukua springi yenye mizunguko 8 inayofanya kazi. Kata mmoja, ugumu unapanda kwa karibu asilimia 14, na ncha uliyoikata haina tena umbo la kukaa kwenye kikombe. Kuipasha moto kwa gesi ni ubaya zaidi, chuma kinapoteza uhai wake palepale.

Na tafadhali, acheni kumtoza mtu hela ya "alainimenti ya nyuma". Nyuma ikilala, magurudumu yanaegemea ndani kwa juu na tairi linaliwa ndani. W123 haikuja na boliti ya kurekebisha mlalo huo. Rudisha urefu sahihi wa springi, magurudumu yatasimama.

Jibu la 1
Mkuu, unatuonea. Mteja analeta springi mwenyewe, kazinunua mtumba, moja ina alama za rangi tofauti na nyingine. Ukimwambia raba zinanunuliwa jozi anasema unamwibia. Wapo wanaoleta hata springi za stesheni wagoni! Ile nyuma yake inasaidiwa na mfumo wa mafuta unaosawazisha gari, springi zake hazikukusudiwa kubeba mzigo peke yake. Ukizifunga kwenye saluni, nyuma inalala siku hiyohiyo. Fundi afanye nini?

Mwenye uzi
Akatae kazi. Au aandike kwenye risiti "springi za mteja, hazifanani", wasaini wote wawili. Springi ni jozi, namba ileile, alama zilezile. Hilo la wagoni nakubaliana nawe kabisa, wauzaji wa spea nao wamo kwenye lawama hii.

Jibu la 2
Na wanaopima mara tu gari linaposhushwa kwenye jeki? Wanaona nyuma iko juu wanaogopa, wanabadilisha raba tena bure.

Mwenye uzi
Hao nimewasahau, asante. Gari likishuka, magurudumu ya nyuma yamebana kwa ndani chini na msuguano wa tairi unayazuia kutanuka, kwa hiyo kipimo kinadanganya. Lisukume mbele na nyuma mita kadhaa, libonyeze bodi mara tatu nne, au bora liendeshe kwanza. Kisha sakafu tambarare, upepo sawa kwenye tairi zote, hakuna mtu ndani, buti tupu. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa tao, pande zote NNE. Gari likilala nyuma kulia, wakati mwingine mkosaji ni springi ya mbele kushoto iliyoinua pembe yake. Umebadilisha za nyuma mara mbili na tatizo liko mbele.

Jibu la 3
Kibano cha springi hatuna gereji yetu. Vile vya ndoano viwili vya nje vinafaa?

Mwenye uzi
Kwa nyuma ya W123 havina nafasi, vinagusa kikombe, vinateleza. Kinachotakiwa ni kile cha ndani, chenye sahani mbili na skrubu ndefu katikati. Azima au kodi. Kama utashusha amu kwa jeki tu, pitisha mnyororo kwenye mizunguko ya springi, ufunge kwenye amu kwa ulegevu kidogo, na uso wako usiwe mbele yake. Wakati wa kurudisha, mtu mmoja apandishe jeki polepole, mwingine aangalie ncha ikiingia kwenye kituo kwa tochi. Ikihama hata sentimita moja, shusha, anza upya. Boliti za bushi za amu (raba za kwenye egemeo lake), kama ulizilegeza, ukazaji wa mwisho ni gari likiwa limesimama kwenye tairi zake. Ukikaza amu ikiwa inaning'inia, bushi inabaki imesokotwa na inachanika mapema.

Na taa za mbele zielekezwe upya. Nyuma ikipanda, taa zinamulika miguuni.