Konokono wamejaa kwenye tangi la samaki: niwapunguze vipi bila kuua kamba?

Wakuu, naomba ushauri. Tangi ni la lita 80, lina samaki wadogo aina ya gapi 12, kamba wadogo wekundu kama 30 na mimea ya majini. Mchanga wa chini una unene wa sentimita 4. Konokono ni wale wa ganda refu lililochongoka kama parafujo, wanaojifukia mchana na kupanda kioo usiku. Hawa wanazaa watoto hai, kwa hiyo kutafuta ute wa mayai kwenye majani ni kazi bure.

Dawa yenye shaba siitaki kabisa. Inaua kamba, na konokono wakifa kwa wingi ndani ya mchanga wanaoza, amonia inapanda, samaki nao wanafuata.

Kwa sasa chakula ni kile kinachoisha ndani ya dakika 2, mara moja kwa siku. Taa ikizimwa, naweka kisahani chenye kipande cha tango lililochemshwa dakika 3. Alfajiri nakitoa na konokono 40 hadi 50 wamekigandia, wengine wadogo kuliko punje ya mchele. Maji nabadilisha robo kila wiki na mchanga naufyonza kwa mpira.

Je, nipunguze mchanga ubaki sentimita 1 ili wakose pa kujificha? Nikiutoa kidogo kidogo kila wiki, bakteria wanaosafisha maji watabaki wa kutosha kwenye chujio? Na kuna samaki anayekula konokono hawa asiguse kamba? Botia, samaki mla konokono, hapana: kamba nao ni chakula chake.