Makbeth: kilima cha Dunsinane kipo kweli? Na msitu "unaotembea" tuufanyeje?

MpenziJukwaa_Sinza
Wakuu, habari zenu. Tunaandaa Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi ya 1968 ya Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, tuionyeshe uwanja wa wazi hapa Dar. Ngome ya Dunsinane, anapojihami mfalme Macbeth, ni ya kweli au ya kubuni? Mandhari tuichoreje? Na msitu wa Birnam je, ule "unaotembea" kwa sababu askari wanaokuja kumshambulia wamejificha nyuma ya matawi yake, tuuonyesheje kwa askari 10 tu?

Kisiki
Ipo, mkuu. Kilima kiko Perthshire, Uskoti, juu ya kijiji cha Collace, kimo chake kama mita 310. Minara hakuna. Kilichobaki ni matuta ya udongo na mawe yanayozunguka kilele, ya Enzi ya Chuma, yaani ngome ilikuwa kuukuu karne nyingi kabla Macbeth hajatawala (1040–1057). Birnam iko kama kilomita 20 kaskazini-magharibi, kando ya mto Tay. Macbeth wa historia hakufia Dunsinane: Siward, mtawala wa Northumbria, alimshinda 1054, na Macbeth akauawa Lumphanan, pia Uskoti, 1057. Hadithi ya matawi Shakespeare aliitoa kwa Holinshed, mwandishi wa historia. Mimi ningechora tuta tupu la kijani.

Matamshi ya Dunsinane: msimalizie na "nane" ya kuhesabu. Wenyeji hukaza "si", na "e" ya mwisho haisikiki.

FundiMandhari
Kwa tuta sikubaliani na Kisiki. Macbeth anaamuru bendera zitundikwe kwenye kuta za nje, kwa hiyo ukuta lazima uwepo. Mbao za mita 2 zinatosha, ila zipigwe mihimili kwa nyuma, maana upepo wa jioni hapa unaangusha.

Matawi, tumieni mvinje: mepesi, hayanyauki haraka. Mwarobaini hulegea mapema, na utomvu wa mwembe huwasha ngozi. Kateni asubuhi ya onyesho, shina likae kwenye ndoo ya maji hadi wakati wa kutoka. Urefu mita 1.5, shina lishikwe usawa wa kiuno, majani yapite kichwa kwa shibiri moja.

Malcolm, anayeongoza jeshi linalomshambulia Macbeth, anataka kuficha idadi ya askari, basi pangeni safu mbili, wa nyuma wazibe mapengo ya mbele. Hatua tatu, simama. Kosa kubwa ni kutikisa matawi. Hapo inakuwa ngoma.

MpenziJukwaa_Sinza
Asante sana. Wakishayatupa, si watajikwaa kwenye mapanga?

FundiMandhari
Watajikwaa, ndiyo. Kila mmoja atupe upande wake, nje ya jukwaa, kabla tarumbeta hazijalia. Lifanyieni mazoezi na matawi yenyewe, fimbo hazina uzito ule.