Naomba ushauri: lenzi ya Pentacon Six kwenye Sony A7 III, picha zinapauka

Wakuu habari zenu. Nimerithi lenzi ya marehemu babu aliyekuwa na studio ya picha Tanga, ni Biometar 80mm f/2.8 ya Carl Zeiss Jena, ile ya Ujerumani Mashariki iliyokuwa inafungwa kwenye Pentacon Six, kamera ya zamani ya filamu pana ya 120. Nimenunua adapta, kile kiunganishi cha lenzi na kamera, nikaifunga kwenye kamera yangu ya kidijitali ya Sony, fokasi navuta kwa mkono, apacha (tundu la kupitishia mwanga) nageuza kwenye pete, hapo sina shida, na rangi ya ngozi aisee ni tamu mno, nimempiga mama barazani jioni hadi raha.

Shida ni mchana. Jua likiwa mbele kidogo tu picha nzima inapauka kama imemwagiwa maziwa, nyeusi haiwi nyeusi. Lenzi nimeimulika na tochi, haina fangasi. Nahisi ni adapta, maana hii lenzi inamwaga mwanga wa kutosha fremu ya sentimita 6x6 na sensa ya kamera yangu, yaani kile kibao kinachopokea picha, ni 24x36mm tu, unaobaki unagonga kuta za adapta, na yenyewe ni ndefu karibu sentimita 5 na nusu halafu ndani inang'aa, ukiingiza kidole unaona taswira yake ukutani.

Waliopitia hili, nibandike mahameli nyeusi ndani au nipake rangi isiyong'aa? Naogopa nyuzi zisidondokee sensa. Na kofia ya lenzi, ile ya kukinga jua mbele, naweza kuweka ndefu kuliko ya zamani, kwa vile sensa inatumia katikati tu ya picha ya lenzi? Kuiuza sitaki kabisa, nataka niitumie kazini.