Setilaiti ya kampuni binafsi ikitumika vitani, adui anaruhusiwa kuitungua?

Swali
Wakuu, naomba ufafanuzi. Kuna wanaodai kwamba kwa kuwa Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unataka matumizi ya amani, sheria za vita hazifiki huko. Chukulia kampuni ya kiraia ina setilaiti ya kupiga picha, na inaliuzia picha hizo jeshi lililo vitani. Upande wa pili ukiitungua kwa kombora, ni kosa?

Jibu la 1
Mkuu, hilo neno "amani" limepotosha wengi. Soma Ibara ya 4 polepole. Inakataza kuweka silaha za nyuklia na nyinginezo za maangamizi kwenye obiti, yaani njia za kuizunguka dunia. Halafu inatenga Mwezi na magimba mengine ya angani kwa amani tupu: hakuna kambi za kijeshi wala majaribio ya silaha. Uwazi ulio katikati, setilaiti zinapozunguka, haukuwekewa sharti hilo la pili. Kombora la kawaida halimo kwenye katazo.

Kinacholibana ni Ibara ya 3, inayoingiza sheria yote ya kimataifa pamoja na Hati ya Umoja wa Mataifa. Kuanzisha mashambulizi kunapimwa kwa Ibara ya 2(4) ya Hati hiyo, inayokataza kutumia nguvu, na ya 51, inayoruhusu kujilinda. Vita vikishaanza, sheria ya kibinadamu, yaani hiyo sheria ya vita, inashika. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema mwaka 1996 kwamba sheria hiyo inahusu vita vya kila namna na silaha zote, za zamani, za sasa na zijazo.

Jibu la 2
Naongezea kipimo chenyewe. Ibara ya 52(2) ya Itifaki ya Kwanza ya 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva kuhusu vita, ina masharti mawili, na yote lazima yatimie: kifaa kichangie kwa dhati shughuli za kijeshi, na kukiharibu kulete faida dhahiri ya kijeshi kwa hali ilivyo wakati huo. Hilo la pili husahaulika. Kama kampuni ina setilaiti mia moja zinazopokezana kazi, kuangusha moja huenda kusipunguze picha hata kidogo. Hapo faida iko wapi?

Likivukwa hilo, unakuja uwiano, Ibara ya 51(5)(b) ya Itifaki hiyo: madhara kwa raia yasipite kiasi kulinganisha na faida ya kijeshi. Na hapa ndipo kombora linapokwama. Mwaka 2007 China ilivunja setilaiti yake Fengyun-1C kwenye kimo cha kilomita 860 hivi. Vipande vilivyofuatiliwa vilizidi 3,000, na kwa kimo hicho hewa ni nyembamba mno, kwa hiyo vingi vinabaki juu kwa miongo. Kwenye kilomita 300 vingi hudondoka ndani ya wiki kadhaa, lakini mgongano wenyewe hurusha vingine juu zaidi. Kipande cha sentimita moja kinachogonga kwa kilomita 10 kwa sekunde kinatosha kuiua setilaiti ya hali ya hewa. Kamanda anapaswa kuhesabu madhara hayo kabla ya kufyatua.

Ibara ya 57 ya Itifaki inamtaka pia achague njia yenye madhara madogo. Kama kuvuruga mawimbi ya redio kunatosha, kombora halina utetezi.

Jibu la 3
Nakubaliana, ila njia laini nayo si salama yenyewe kwa yenyewe. Februari 24, 2022, shambulio la mtandaoni dhidi ya KA-SAT, huduma ya intaneti ya setilaiti, liliharibu modemu kwa maelfu, na mitambo ya upepo 5,800 hivi ya Ulaya ya Kati ikapoteza mawasiliano ya uangalizi. Madhara ya namna hiyo yanaingia kwenye hesabu ileile.

Kumbukeni pia Marekani na India hazijaridhia Itifaki hiyo. Haziponyoki, maana utofautishaji (kutenganisha vitu vya kiraia na vya kijeshi) na uwiano ni sheria ya kimila, itokanayo na desturi za mataifa, inayofunga mataifa yote.

Muulizaji
Asanteni sana. Na vipande vikigonga setilaiti ya nchi isiyohusika?

Jibu la 2
Hapo angalia Mkataba wa Dhima wa 1972, unaohusu fidia ya madhara ya vyombo vya angani. Madhara yakitokea ardhini au kwa ndege iliyo angani, nchi iliyorusha chombo inalipa bila kuthibitishiwa uzembe. Yakitokea kwenye obiti, mdai athibitishe kosa. Hapo ndipo madai mengi yangekwama, kwa sababu kwanza lazima uonyeshe kipande kilichogonga kilitoka kwenye chombo kipi. Bila kumbukumbu za rada za tangu siku ya mlipuko, zinazofuata njia ya kipande hicho hadi siku ya mgongano, huna kesi.